Gamba haligeuki unyoya

Mwalimu wa shule ya msingi huko Kadutu, Bukavu, ameniuliza kama aandike ubaoni kwamba manyoya ya kifaranga "huota" au "huchipuka" ndani ya yai, kwa sababu daftari alilorithi linasema "magamba hugeuka manyoya".

Andika "huota", Mwalimu. "Huchipuka" nalo halina kosa. Sentensi ya daftari ndiyo inayonikera, na nimeikuta mara nyingi mno. Kugeuka, kitenzi cha ukoo mmoja na mageuzi na kigeugeu, hudai kitu kiwepo kwanza, kisha kiache hali yake. Kiluwiluwi hugeuka chura, kwa kuwa kiluwiluwi tulimwona majini kabla ya chura. Gamba hilo la mgongoni nani aliliona?

Kuku huatamia siku 21. Karibu siku ya 7, ngozi ya mgongo wa kiinitete (kifaranga kinachoendelea kuumbika ndani ya yai), ambayo mpaka hapo ni laini tupu, huanza kunenepa kwa vidoa vidogo: mstari wa kwanza katikati ya mgongo, kisha mingine kandokando, kama maharage yaliyopandwa vizuri katika shamba la Kabare. Chini ya kila kidoa seli za tabaka la ndani hujikusanya, kinundu huinuka, hurefuka, nacho ndicho unyoya. Magamba makubwa ya mbele ya mguu huanza karibu siku ya 10. Yaani gamba huchelewa siku tatu, halafu tunaambiwa ndilo lililomzaa aliyetangulia! Kijana huota ndevu, wala hatujasikia kwamba kidevu chake kimegeuka ndevu. Basi kifaranga naye huota manyoya.

Mdomo una njia yake: mifupa ya taya huvikwa ala ngumu ya keratini, kitu kile kinachofanya kucha, bila kupitia gamba wala unyoya.

Wapo watakaonionyesha kuku mwenye manyoya hadi vidoleni. Huyo pia hanishindi, kwa maana unyoya umeota mahali ambapo gamba lingeota. Wataalamu walipoweka tabaka la ndani la ngozi ya mgongo wa kiinitete chini ya tabaka la nje la ngozi ya mguu, tabaka hilo la mguu liliotesha manyoya: agizo la kipi kiote lilitoka ndani, kabla gamba halijakuwapo.

Namwelewa aliyeandika daftari, maana huenda alisikia kwamba ndege na wanyama watambaao ni wa ukoo mmoja, jambo lililo kweli. Lakini mwaka 2016 Nicolas Di-Poï na Michel Milinkovitch, watafiti wa Geneva, walipoonyesha undugu huo katika viinitete vya mamba, mjusi na nyoka, walichokikuta ni kile kidoa cha mwanzo. Kidoa ndicho cha urithi; gamba na unyoya kila kimoja huota kwake.

Ubaoni, Mwalimu, iandikwe hivi: "Ndani ya yai kifaranga huota manyoya mgongoni na magamba miguuni."