Kabla Hujatafuta Safari, Piga Picha Chumba Unachoishi

Tangu picha zangu za chumbani zilipochaguliwa kuingia katika maonyesho ya mwisho wa mwaka ya idara yetu ya sanaa, nimepokea maswali mengi, na moja limenigusa kuliko mengine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameniandikia kwamba anapenda upigaji picha kuliko somo lolote, lakini haoni cha kupiga: hasafiri, kamera yake ni ya simu, na kila anapotazama kazi za wenzake anahisi kwamba mambo ya maana yanatokea mahali ambapo yeye hayupo. Anauliza aanzie wapi. Nimeamua kumjibu kwa urefu kwa sababu najua hayuko peke yake. Sisi tuliochagua njia hii sote tunataka siku moja picha zetu zitundikwe ukutani na watu wasimame mbele yake, na wengi wetu tumeaminishwa kwamba ili hilo litimie ni lazima kwanza tuondoke nyumbani.

Nami niliambiwa hivyo hivyo, tena mbele ya darasa zima. Nilikuwa nimewasilisha picha za kwanza za mradi wangu: kitasa cha mlango, mikunjo ya shuka asubuhi, shati lililotundikwa nyuma ya kiti. Mwalimu aliyekuwa akitathmini kazi zetu alizipitia kwa haraka, akasema kwamba hizo ni picha za mtu aliyekosa pa kwenda, kisha akahamia kwa mwenzangu aliyekuwa ametoka safari ndefu. Hakuna hata moja aliyoitazama kwa muda wa kutosha kuona mwanga ulikuwa ukitokea upande gani. Maneno yale yananiuma mpaka leo ninapoyaandika, na sioni aibu kusema kwamba siku orodha ya waliochaguliwa ilipobandikwa, yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemkumbuka.

Kilichonizuia nisiache mradi ule ni historia ya fani yenyewe. Nilikwenda maktaba nikiwa na hasira, nikitafuta mtu yeyote aliyewahi kupiga picha bila kutoka nyumbani, nikakuta kwamba upigaji picha wenyewe ulianzia dirishani. Picha ya kamera iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia ilitengenezwa na Mfaransa Nicéphore Niépce mnamo 1826 au 1827 kutoka dirisha la ghorofani la nyumba yake ya Le Gras. Alitumia bamba la metali lililopakwa aina ya lami inayokuwa ngumu inapopigwa na mwanga, na kwa kuwa bamba hilo lilihitaji kukaa kwenye jua kwa saa nyingi, kuta za pande zote mbili za picha zinaonekana kuangazwa, jambo ambalo jicho la mtu haliwezi kuliona kwa wakati mmoja. Mwaka 1835 Mwingereza William Henry Fox Talbot alitengeneza negativu, yaani picha ambayo penye mwanga huonekana peusi na penye giza huonekana peupe, ambayo ndiyo kongwe zaidi tuliyo nayo, nayo ni kipande kidogo cha karatasi kinachoonyesha dirisha la nyumbani kwake Lacock. Watu hawa walikuwa na ulimwengu mzima ambao haujawahi kupigwa picha, nao wakaanza na pale walipokuwa wamesimama.

Aliyenifariji zaidi, hata hivyo, ni Josef Sudek wa Prague, jiji la Ucheki ya leo. Sudek alipoteza mkono wake wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na bado akawa mpiga picha wa kubeba kamera kubwa na nzito za mbao. Kuanzia 1940, jiji lake likiwa chini ya uvamizi wa Wajerumani, aligeuzia kamera dirisha la studio yake na kuendelea kulipiga kwa zaidi ya miaka kumi: kioo kikiwa na ukungu, kikiwa na matone, kikiwa na barafu, na nyuma yake mti uleule uliopinda. Nilipoziona picha hizo zikiwa zimepangwa pamoja, nilielewa kwamba dirisha lake halikuwa jambo dogo alilolikubali kwa kukosa kubwa. Lilikuwa limemtosha. Wala si yeye peke yake, kwa kuwa Edward Weston wa Marekani aliweka pilipili hoho ndani ya faneli ya bati mwaka 1930, akapata mojawapo ya picha zinazofahamika zaidi za karne nzima.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwako, mdogo wangu, ni hili: chagua kitu kimoja kilicho karibu nawe na ukae nacho. Usichague kwa sababu ni kizuri. Chagua kwa sababu unaweza kukirudia kesho na keshokutwa bila kuomba ruhusa ya mtu na bila kulipa nauli.

Mimi nilichagua bilauri ya maji. Niliiweka juu ya meza iliyo kando ya dirisha, na kwa siku za mwanzo nilipata picha za bilauri tu, zisizo na lolote la kumfanya mtu asimame. Kisha asubuhi moja jua lilikuwa chini, likaingia karibu sambamba na meza, na nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele yangu muda wote: kivuli cha bilauri hakikuwa cheusi. Katikati yake palikuwa na mstari mweupe, mkali, uliopinda pande mbili na kukutana kwenye ncha, na pembeni mwa mstari huo palikuwa na utepe mwembamba sana wa rangi, buluu upande mmoja na wekundu upande wa pili. Maji yaliyo ndani ya kioo cha mviringo hufanya kazi ya lenzi. Huupinda mwanga na kuukusanya mahali pamoja, na kwa kuwa kila rangi hupindwa kwa kiasi chake, kingo za mwanga huo hujitenga. Nilisogeza kamera nikaiacha bilauri yenyewe nje ya fremu, nikapiga kivuli peke yake. Ukipunguza maji hadi nusu, mstari unabadilika umbo. Ukigonga meza kidogo, unatetemeka. Jua likipanda, unafupika na kurudi kwenye kitako cha bilauri, na kabla ya adhuhuri unakuwa umetoweka. Picha tatu kati ya zile zilizotundikwa kwenye maonyesho zilitokana na meza hiyo, na watu waliosimama mbele yake waliniuliza zilipigwa kwa mashine gani.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba sikuwa nikipiga picha za vitu, nilikuwa nikipiga picha za mwanga unaokutana na vitu. Naomba ulichukue jambo hili kwa uzito, kwa sababu ushauri mwingine wote nitakaoutoa unatokana nalo. Ukishakaa na kitu kimoja kwa muda wa kutosha, kitu chenyewe kinaacha kukushughulisha, na hapo unaanza kuona kinachokipata.

Kuhusu simu, sina mengi ya kusema. Futa lenzi kwa kitambaa safi, kwa maana alama za vidole huutawanya mwanga na kuifanya picha nzima iwe na utusitusi. Gusa skrini kwenye sehemu yenye mwanga mkali zaidi, kisha ushushe mwangaza kwa kidole hadi uone vivuli vimerudi, kwa sababu programu za simu hupenda kuangaza kila kona na kwa kufanya hivyo huua kile hasa ulichokuja kukipiga. Zima taa ya chumbani: mwanga wa mchana una joto la rangi, yaani kipimo cha jinsi mwanga ulivyo wa manjano au wa buluu, la takribani kelvini 5,500 na balbu ya kawaida ya manjano iko karibu na 2,700, na ukizichanganya, kamera haiwezi kuziridhisha zote mbili. Chumba kikiwa na giza, iegemeze simu kwenye vitabu na utumie kipima muda cha sekunde mbili ili mkono wako usiitikise. Hayo yanatosha.

Jaribio lililonifunza zaidi halikuhitaji kamera kwa kuanzia. Katikati ya mwaka, nikiwa nimechoka na meza yangu, niliziba dirisha lote kwa kadibodi nyeusi na tepu, nikahakikisha hakuna ufa unaopitisha mwanga, kisha nikatoboa tundu moja la upana wa sentimita moja hivi. Mwanzoni sikuona kitu, kwa kuwa macho yanahitaji dakika kadhaa kuzoea giza. Kisha ukuta wa pili ukaanza kujaa. Kila kilichokuwa nje ya dirisha langu kilikuwa pale, kichwa chini miguu juu, kushoto kikiwa kulia, anga likiwa limelala sakafuni na juu ya godoro langu. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo unaotoka juu hupita kwenye tundu na kuangukia chini, na unaotoka chini huangukia juu. Ibn al-Haytham, mwanazuoni mzaliwa wa Basra, alilichunguza jambo hili karne ya 11, akaandika hata kuhusu umbo la jua lililopatwa linavyojichora kupitia tundu dogo, miaka mia nane kabla ya Niépce kupata namna ya kuuzuia mwanga huo usiondoke.

Nilikaa kwenye godoro hilo mchana kutwa. Mtu alipopita nje, alipita juu ya mto wangu akiwa amepinduka, miguu yake ikigusa dari. Nilipopunguza tundu, taswira ilikuwa kali zaidi lakini hafifu. Nilipolipanua, ilipata mwanga na kupoteza ukali, na mjadala wote wa tundu la lenzi, ambao darasani niliukariri bila kuuelewa, ukawa umekwisha. Niliweka kamera juu ya kiti, nikaacha shata, yaani kifuniko kinachoruhusu mwanga kuingia ndani ya kamera, wazi kwa sekunde 30, na nilichokipata ni chumba changu na mtaa wangu vikiwa katika fremu moja, kitanda kikiwa kimefunikwa na mawingu. Abelardo Morell, mpiga picha wa Marekani mzaliwa wa Kuba, amekuwa akifanya kazi ya namna hii tangu 1991 katika vyumba vya kila aina, na ukiziona picha zake hutaniuliza tena kama chumba kinatosha.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kurudia na kurudia, sitakuchosha nayo.

Nitakalosisitiza ni kwamba ukaribu si umaskini. Tunafundishwa kuona haya kwa yale tuliyo nayo kila siku, tunaona haya kwa pazia lililochakaa na rangi ya ukuta inayobanduka, tunaficha kona tunazoishi na kutafuta mandhari ambayo maelfu ya watu wameshayapiga kutoka mahali palepale. Acheni tabia hiyo. Aliyeishi na ukuta wake kwa miaka anaujua kuliko mgeni yeyote. Anajua saa ngapi mwanga unafika kwenye ufa, anajua mwezi gani haufiki kabisa, na ujuzi huo hakuna kamera inayouuza. Mtu asiyeweza kukiona chumba chake hatauona mlima atakapofika chini yake, atapiga picha ya kuthibitisha kwamba alifika. Sisemi safari ni mbaya. Nasema usisubiri safari, na usimruhusu mtu yeyote, hata kama ndiye anayekupa alama, akwambie kwamba ulipo hapana cha kutazama.

Narudia tena, kaa na kitu kimoja. Wiki ya kwanza utachoka. Ya pili utaona umekosea kuchagua, na utatamani kuhamia kwenye kitu kingine, na hapo ndipo wengi wanapoachia. Usihame. Badilisha saa, badilisha upande, piga magoti, panda juu ya kiti, lakini kitu kiwe kilekile.

Ukishapata picha za kutosha, zichapishe, hata kwa karatasi ya kawaida na kwa ukubwa wa kiganja, kwa sababu kwenye skrini kila picha huwaka na kuonekana nzuri. Zitandaze sakafuni na uziache hapo kwa siku kadhaa huku ukipita kando yake. Zile unazoanza kuziruka kwa macho, ziondoe bila huruma, pamoja na zile ulizozipata kwa taabu kubwa, kwa kuwa mtazamaji hataijua taabu yako. Zinazobaki, zipange kwa kufuata mwendo wa mwanga kuanzia asubuhi hadi jioni; mimi nilijaribu mipangilio mingine na huu ndio uliozifanya picha za vitu tofauti zionekane kuwa kazi moja. Siku ya kuziwasilisha, usianze kwa kuomba radhi kwamba ni picha za nyumbani tu. Taja saa uliyopiga kila moja na upande ambao mwanga ulitokea, kisha nyamaza uwaache wazitazame.