Nilikaa na walevi Oktoberfest bila kulewa: je, nimeritadi?

SWALI:

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga, nasoma chuo München, Ujerumani. Jumamosi moja ya mwisho wa Septemba wenzangu wa bwenini walinigongea mlango mchana wakaniambia, "Vaa, tunakwenda Oktoberfest," ile sherehe kubwa ya bia ya hapa München. Sikuwa nimepanga, ila niliona haya kukataa. Wakaniazima na kaptula ya ngozi wanayovaa watu wa Bavaria, jimbo la huku. Ndani ya hema wao waliagiza bia, mimi nikaagiza bia isiyo na kilevi na nusu kuku wa kuchoma. Ilipofika zamu yangu ya kununua raundi nililipa, na nikawagawia magi zao. Tulitoka usiku, Alasiri na Magharibi zimenipita. Picha zimemfikia kaka yangu nyumbani, naye ameniandikia kuwa nimeritadi, yaani nimetoka katika Uislamu, na kwamba swala zangu hazitapokewa siku arobaini. Nimekosa usingizi. Naomba unifafanulie.

JIBU:

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake.

Tumalize kwanza la kaka yako, maana ndilo lililokunyima usingizi. Hujaritadi. Msimamo wa Ahlu Sunna ni kwamba Mwislamu hatoki katika dini kwa dhambi, hata ikiwa kubwa, maadamu hahalalishi kile alichokiharamisha Mwenyezi Mungu. Hata angekuwa amekunywa mpaka akaanguka, tungemwita Mwislamu mwenye kosa. Na kaka yako naye aonywe kwa upole, kwani Mtume (S.A.W.) amesema katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba anayemwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Mtu hatolewi katika Uislamu kwa picha ya simu.

Sherehe yenyewe haikuanza kama ibada. Ilianza Oktoba 1810, mrithi wa ufalme wa Bavaria, Ludwig, alipomuoa binti mfalme Therese, watu wa mji wakaalikwa kwenye mashindano ya farasi katika uwanja ambao mpaka leo unaitwa Theresienwiese. Kwa hiyo sikuhukumu kama aliyeshiriki sikukuu ya dini nyingine. Tatizo lako ni pombe iliyokuwa mezani, na hapo mambo si mepesi.

Amepokea Tirmidhi kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amesema anayemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa pombe. Hakusema asinywe tu, amesema asikae. Wanavyuoni wamesimulia pia kwamba khalifa Umar bin Abdul-Aziz aliletewa watu waliokamatwa wakinywa, akaambiwa kuwa mmoja wao alikuwa amefunga. Akaamuru aadhibiwe pamoja nao, na akasoma aya ya 140 ya Suratun Nisaa, inayokataza kukaa na wanaofanyia mzaha aya za Mwenyezi Mungu mpaka waingie katika mazungumzo mengine, la sivyo nanyi mtakuwa mfano wao. Yule alikuwa na saumu yake. Wewe ulikuwa na magi yako isiyo na kilevi, na bendi ilipopiga ule wimbo wa kunyanyua vinywaji, hema zima lilipoinua mikono, sidhani kama wako ulibaki mezani.

Ama raundi uliyolipia, hiyo ndiyo nzito kuliko kukaa. Katika hadithi ya Anas (R.A.) aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) amewalaani watu kumi kwa ajili ya pombe, na miongoni mwao wamo mwenye kuinunua, mwenye kununuliwa, mwenye kuibeba na mwenye kuinywesha. Kwa zamu moja ya meza ile umeshika nafasi zaidi ya moja. Najua utasema zamu ni adabu ya watu wale na kukwepa ni ubahili. Ungeweza kulipia chakula cha meza nzima, au kusema mapema kabla ya kuketi: mimi silipii bia, nalipia mengine. Wajerumani kwa kawaida hawachukizwi na mtu anayesema wazi, na hata kila mmoja kujilipia chake si ajabu kwao. Kuona haya ndiko kulikokuponza.

Kuhusu ulichokunywa: kwa sheria za Ujerumani kinywaji kinaruhusiwa kuandikwa hakina kilevi hata kikibakiwa na alkoholi isiyozidi asilimia 0.5. Kanuni yetu ni hadithi isemayo kwamba kinacholevya kwa wingi wake, basi hata kidogo chake ni haramu. Wapo wanavyuoni waliosema kinywaji hiki hakilevyi hata mtu akinywa kingi, na chembe kama hizo hupatikana hata katika mkate na maji ya matunda, kwa hiyo si khamri, yaani pombe iliyoharamishwa. Wengine wamekikataza kwa sababu asili yake ni bia iliyopunguzwa kilevi, na kwa kuwa ni kujifananisha na walevi. Mimi nakushauri ukiache, lakini siwezi kukuambia kuwa umekunywa pombe. Kwa hiyo onyo la siku arobaini halikuhusu, kwani limekuja kwa mnywaji wa pombe. Na hata huyo mnywaji haambiwi aache kuswali siku hizo. Imam Nawawi na wengine wameeleza kwamba anakosa thawabu, ila swala inabaki juu yake na akiiswali faradhi inaanguka. Nasema haya kwa sababu wapo vijana wanaoacha swala siku arobaini nzima kwa kuifahamu vibaya hadithi hii. Ujihadhari na kinachoitwa Radler, kwani hicho ni bia iliyochanganywa na soda ya limau. Hicho ni haramu bila mjadala.

Kuku wa hema lile hujui amechinjwa vipi. Aya ya tano ya Suratul Maida imehalalisha chakula cha watu wa Kitabu, na wanavyuoni wana maneno marefu kuhusu machinjio ya leo. Shaka ikiwepo, wapo samaki wanaobanikwa kwenye vijiti uwanjani pale pale. Ile kaptula, kama inaishia juu ya goti, paja ni uchi kwa madhehebu yetu ya Shafii. Na nguo iliyomwagikiwa bia ifue kabla ya kuswalia, kwa kuwa khamri ni najisi kwa wanavyuoni wengi.

Sasa niseme lililonishangaza. Picha na maneno ya kaka yako vimekukosesha usingizi, na swala mbili umezipitia kwa sentensi moja. Jua la München mwishoni mwa Septemba huzama karibu saa moja jioni, kwa hiyo Alasiri ilikuwa na nafasi ya kutosha. Tena unaishi mji huo, huna ruhusa ya msafiri ya kukusanya na kupunguza swala. Zilipe zote mbili leo, Alasiri kwanza kisha Magharibi, usingoje.

Kisha utubu: uache, ujute, na uazimie kutorudia. Hakuna kafara maalumu ya pesa ulizolipa. Ukitoa sadaka kiasi kile ni vizuri, kwani mema huondoa maovu, kama ilivyo katika Surat Hud aya ya 114, lakini sikufaradhishii. Safari kuwa ya ghafla haikuondolei dhambi, kwa sababu kutoka bwenini mpaka kwenye meza ulipita njia nzima ukiwa na akili zako. Ila aliyepanga na kuvizia siku hizo hayuko sawa na aliyeteleza, na hilo Mwenyezi Mungu analijua kuliko mimi.

Wenzako usiwakate. Wakija mwakani waambie unakwenda nao chakula cha mchana mahali pengine. Na kaka yako mpigie simu mwenyewe, usimjibu kwa ujumbe. Mwambie kilichotokea kama ulivyonieleza mimi, na raundi ile usiifiche.

Wallahu aalam.