Barua kwa Mwanangu: Vyuma vya Zekreet

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na picha za Zekreet, huko Qatar, nimezitazama kwa makini. Umeniuliza kwa nini mtu asimike mabamba manne ya chuma jangwani, mbali na Doha, mahali pasipoishi mtu. Tena ukauliza kama wewe na wenzako mkienda kufanya sanaa yenu ya kujaribujaribu huko mtakuwa mnapoteza muda.

Aliyeyabuni mabamba hayo, mchongaji Mmarekani Richard Serra, aliwahi kufanya kazi viwanda vya chuma ujanani, na mimi fundi wa kuchomelea naiona ile kazi mikononi mwake. Yalisimikwa 2014, yamefuatana kwa zaidi ya kilomita moja. Mawili yana kimo cha mita 14.7, mawili mita 16.7. Hayalingani kwa sababu ardhi yenyewe inapanda na kushuka, lakini vichwa vyake vimesawazishwa kana kwamba mtu alipita na pima maji angani. Jangwani jicho halina mnazi wala nyumba ya kupimia. Unaweza kuteremka bila kujua, mpaka uone bamba limerefuka mbele yako. Mjini hilo usingeliona.

Na ile kutu usiionee huruma. Chuma cha aina ile kutu yake hushikamana juu na kukinga kilicho ndani. Haimenyeki kama ya mageti yetu.

Sasa, Serra alikuwa na serikali nyuma yake, nyinyi hamna. Kwa hiyo mtazame Noah Purifoy, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama. Baada ya ghasia za Watts, mtaa wa Los Angeles, 1965, yeye na wenzake waliokota mabaki yaliyoungua wakayageuza sanaa. Mwaka 1989, umri umeshapita sabini, akahamia Joshua Tree, jangwa la Mojave, akajenga kwa matairi, vyoo vibovu, sinia za mkahawani, hadi alipofariki 2004. Jua na upepo aliviacha vifanye sehemu yao. Leo mtu yeyote anaingia bure. Huyu ananigusa kuliko Serra, sikufichi: hakungoja kuitwa na mtu.

Basi nendeni. Ila pale ni hifadhi, msichimbe wala kuhamisha mawe. Chukueni fimbo na vitambaa vyeupe. Simamisheni fimbo asubuhi, kila saa mtandaze kitambaa ncha ya kivuli inapofika, mkipige picha, jioni mkunje vyote. Na msiende wasanii watupu. Mchukueni yule dada mnayekaa naye chumba kimoja, anayefanya usafi hotelini, yeye ndiye atandaze cha kwanza. Akiuliza mnafanya nini, mwelezeni hapohapo, kivuli kikiwa kinasogea.

Mama yako anasema mbebe maji ya kutosha, na msiingie kule kwa gari moja.

Baba yako