Wanasifu mkaa wangu ila hawanunui

SWALI: Dada habari, mi nipo Buhongwa hapa Mwanza, natengeneza mkaa mbadala wa pumba za mpunga. Kila anayepita ananisifu, oh mama hongera unatunza mazingira, halafu anavuka barabara anachukua mkaa wa kawaida! Nauza mfuko wa kilo 5 na bango nimeandika OKOA MISITU kwa herufi kubwa kabisa. Nakosea wapi?

JIBU: Pole mayu, ila hao hawakudanganyi, msitu wanaupenda kweli, tatizo mtu akishika hela anawaza maharage yaive. Hata huko nje ni hivyohivyo, mwaka 2019 jarida la Harvard Business Review lilitaja utafiti ambao watu 65 kwa 100 walisema wanataka bidhaa zinazotunza mazingira, wanaonunua kweli kama 26 tu. Na usiniambie mbona mifuko ya plastiki tuliacha, ile tarehe 1 Juni 2019 ilikuwa katazo la serikali, nani aliulizwa kama anapenda mazingira?

Mi naona kinachokuangusha ni huo mfuko. Mtu kazoea kupimiwa kopo au sado kwa hela aliyonayo leo, we unamtaka atoe ya kilo 5 kwa mkupuo kwa kitu hajawahi kukiwasha. Pima kwa kopo lilelile la jirani, bei wazipambanishe wenyewe.

Halafu watu wanaangalia wenzao. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake kule Marekani walichapisha jaribio la hotelini mwaka 2008, kadi ya kuwaomba wageni warudie kutumia taulo ili kutunza mazingira ilizidiwa na kadi iliyosema tu kwamba wageni wengi hapa wanarudia. Sasa we tafuta mama lishe mmoja stendi ya Nyegezi, mpe wa kujaribu bure, akiukubali achemshie makande hapohapo watu wakiona, bango lako liandike BEI YA KOPO na muda mkaa unaowaka, misitu iweke chini kwa maandishi madogo.

Ila mwambie mnunuzi ukweli kabla hajalipa, huu mkaa unachelewa kushika moto na una majivu mengi, kwa chai ya haraka asubuhi utamuudhi, wenyewe ni wa vitu vya kuchemka muda mrefu. Usipomwambia atawasha mara moja, atakuna kichwa, na mtaa mzima utasikia.