Goita tupu, niipe msimbo gani?

SWALI: Shikamoo Mama Masijala. Kazi yangu ni kutia misimbo ya ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, kwenye mafaili ya wagonjwa. Daktari wetu huandika "goita", yaani uvimbe wa tezi ya shingo, basi. Mimi huipa E01.2 kwa sababu goita huletwa na upungufu wa madini joto (iodini). Mwenzangu huifuta na kuweka E04.9, na sasa tumenuniana. Halafu nina faili la mtoto kiziwi, mzito kujifunza. Daktari kaandika "athari za upungufu wa madini joto tangu tumboni, aina ya neva", lakini homoni zake ni za kawaida. Nimwekeeje msimbo wa tezi isiyo na tatizo?
Karani Mgeni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa hili la goita mwenzako yuko sahihi, tafuteni lingine la kununiana. Neno "goita" likiwa peke yake linakwenda E04.9, goita isiyoelezwa zaidi. Ili uende E01, lazima daktari awe ametaja upungufu wa madini joto, au ameandika kwamba ni goita ya maeneo yenye upungufu huo. Tezi ya thairoidi huvimba kwa sababu nyingi: kuna Hashimoto (E06.3), ambapo kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe, na kuna Graves (E05.0), ambapo homoni huzidi. Kukisia chanzo si kazi ya masijala, hata kama unaishi na wagonjwa hao na unajua wanakula nini.

Na usidanganywe na karatasi ya maabara. Utakuta kipimo cha mkojo kinaonyesha madini joto kidogo, kidole kikuwashe. Kile kiwango cha mikrogramu 100 kwa lita, ambacho chini yake huhesabiwa upungufu, ni cha kupimia jamii, kwa kutazama thamani ya katikati ya sampuli nyingi. Mkojo wa mtu mmoja, wa siku moja, hupanda na kushuka kufuatana na alichokula.

Unachotakiwa kufanya ni kumrudishia daktari faili. Mimi hubana karatasi ndogo kwenye jalada: "Daktari, chanzo cha goita hii ni nini? Imevimba tezi nzima, au ina vinundu vingi?" Hayo mawili yanatosha. Akijibu upungufu wa madini joto na tezi nzima, ni E01.0, vinundu vingi, E01.1. Hiyo E01.2 unayoipenda ni ya pale chanzo kinapojulikana lakini umbo halikuelezwa. Akisema chanzo si madini joto wala homoni hazijazidi, unahamia E04.0 au E04.2. Madaktari wengine hununa wakiulizwa. Waulize tu, maana hesabu za misimbo hii husomwa na watu wanaofuatilia kama chumvi yenye madini joto inafika kwa walaji, na E01 za mazoea huwaonyesha upungufu usiokuwepo.

Mtu mzima ambaye tezi yake imepungukiwa homoni kwa kukosa madini joto humpeleki E03.9 (upungufu wa homoni usioelezwa zaidi), ni E01.8. Ikiwa TSH (homoni ya ubongo inayoiamuru tezi) tu ndiyo imepanda na T4 (homoni ya tezi yenyewe) iko sawa, ni E02, mradi daktari ametaja madini joto.

Sasa mtoto wako. Mpe E00.0 bila wasiwasi. Soma maelezo yaliyo chini ya kichwa cha E00, watu huyaruka: yanasema wazi kwamba baadhi ya hali hizi hazina upungufu wa homoni kwa sasa, bali ni matokeo ya homoni kutotosha mimba ilipokuwa inakua. Ubongo uliathirika wakati ule, kwa hiyo vipimo vya leo havifuti kitu. Daktari angeandika aina ya miksidema, yaani ile ya tezi kupungukiwa homoni, ungeweka E00.1, zikichanganyika, E00.2.

Ila usiishie hapo. Ulemavu wa akili ukiwa umeandikwa na daktari, ongeza msimbo wake kati ya F70 na F79. Uziwi nao una wake, kwenye sura ya magonjwa ya masikio.