Mama yuko kwenye mashine, Padri yuko Brazil na hajui kitu

*Shikamoo Anti. Nina miaka 38, nyumbani ni Kibosho. Mama yangu figo zimefeli sababu ya sukari na presha, tangu mwezi wa tano nampeleka KCMC kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, zamu yake ni mchana. Kaka mkubwa yuko Dar anatuma hela. Mdogo wetu wa mwisho ni padri mmisionari, yuko Brazil pande za São Paulo, mwaka wa nne sasa. Mama amekataa katakata asiambiwe, anasema huyo nilishamtoa kwa Mungu msimvuruge. Akipiga Jumapili tunamwambia mama mzima, miguu tu ndo inasumbua. Kibanda changu cha mitumba Kiborloni kinashinda kimefungwa, nafikiria kukiuza, na wifi wa Dar anasema eti mimi ndo nafaidi hela za matibabu. Je nikimwambia Padri nitakuwa nimeharibu wito wake? Mimi Mchovu wa Kibosho.*

Marahaba mdogo wangu, na pole, hiyo mizigo uliyobeba ni ya watu wanne. Wifi tumweke pembeni kwanza ntamrudia.

Mwambie. Wiki hii, usisubiri Desemba watu wapande nyumbani. Wito wa mtu hauharibiki kwa kujua mama yake anaumwa, kinachoweza kumvunja ni siku moja kupigiwa simu njoo tuzike, halafu akae kwenye ndege anahesabu zile Jumapili zote mlizomwambia ni miguu. Atawasamehe mdomoni maana ndo kazi yake, moyoni sijui.

Mama namuelewa lakini. Siku ya upadrisho alisimama mbele ya kanisa zima akamtoa mwanae, ng'ombe akachinjwa, ukoo ukacheza, sasa akimuita anaona ni kama anamdai Mungu arudishe zawadi. Wamama wengi wa huku juu wako hivyo na wala sio ujinga, ni imani. Ila hiyo habari Yesu mwenyewe aliigusa, fungua Marko sura ya 7 kuanzia mstari wa 9, kuna watu walikuwa wanawaambia wazazi wao kile ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani, kimeshakuwa cha Mungu, na aliwasema vibaya sana. Halafu nenda Yohana 19, yuko msalabani, na hapo hapo anapanga mama yake atakaa na nani. Msomee mama hizo sehemu mbili, sio kwa kumkomoa, msomee siku ambayo hajaenda kwenye mashine maana najua akitoka kule anakuwa hoi hata salamu hataki.

Na usimzunguke. Ugonjwa ni wake, mwambie mama mimi uongo huu nimeshindwa kuubeba, chagua, unamwambia mwenyewe au namwambia mimi wewe ukisikiliza. Akilia mwache alie. Akisusa chakula siku moja nayo itapita. Kitu ambacho usikubali ni jibu la "tutaona".

Jumapili akipiga usianze kuzunguka na habari za mvua na kahawa. Sema hivi, au umtumie voisi kama unaogopa kulia: "Padri, mama figo zimefeli, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki tangu mwezi wa tano. Alikataa tukuambie na sisi tukamsikiliza, utusamehe. Hatusemi urudi kesho, tunataka ujue, na kuna vitu viwili tunakuomba." Basi, nyamaza aongee. Kurudi au kutorudi ni yeye na mkubwa wake wa shirika, na huyo mkubwa hawezi kumpa ruhusa kwa jambo ambalo hajalisikia. Pengine likizo yake ilishapangwa na wanaweza kuisogeza, nyie mtajuaje kama mmekaa kimya.

Hivyo vitu viwili sasa. Cha kwanza ni zile saa nne za mashine. Wewe umekaa pale umeona, mkono mmoja umefungwa mipira haupaswi kuchezeshwa, mtu anatazama dari, anahesabu feni, wa kitanda cha pili kalala, muda hauendi. São Paulo wako nyuma yetu saa sita, kwa hiyo mama akiwa kwenye mashine saa nane mchana kule ni saa mbili asubuhi, Padri anaweza kuwa ameshamaliza misa anakunywa kahawa. Apige hapo. Sio kila mara, hata mara moja kwa wiki inatosha, wasali rozari pamoja au wapige tu umbea wa Kibosho, simu unaishika wewe upande wa mkono mzima. Nunua bando, usitegemee intaneti ya hospitali. Ile simu ya Jumapili ya familia nzima kila mtu anagombania ibakie vilevile, hii ya kwenye mashine ni ya mama na mwanae.

Cha pili, yeye ndo mtu wa kuongea na mama kuhusu Mpako wa Wagonjwa. Najua hujaniuliza. Wamama wengi wanaikimbia hiyo sakramenti wakidhani ukipakwa tu unakufa, wakati ni ya mgonjwa aliyezidiwa ili apate nguvu, na hali ikibadilika unapokea tena. Wewe ukimwambia ataona unamtabiria kifo, akiambiwa na mwanae padri atakubali.

Wale mapadri wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni ya Kilema mwaka 1890 nao waliacha mama zao Ulaya, barua zilikuwa zinakwenda kwa meli. Sisi tuna WhatsApp mfukoni halafu tunaitumia kudanganyana, jamani.

Majirani wakileta mtori usione aibu. Pokea, shukuru, kula wewe na watoto. Mtori ni ndizi, na ndizi ina potasiamu nyingi na figo zilizochoka haziwezi kuitoa, ikizidi inagusa moyo, na maji yenyewe mama anapimiwa, sasa bakuli zima la mtori ni ugomvi na nesi. Muulize mtu wa lishe pale pale KCMC mama anakula nini na kiasi gani, andika, bandika ukutani jikoni ili shangazi akija na chungu chake asome mwenyewe.

Kibanda usiuze. Una miaka 38, baada ya haya yote utakula nini? Nenda kwenye jumuiya, au kwa WAWATA, wale wanawake Wakatoliki wa parokia, sema wazi nahitaji mtu wa kumsindikiza mama siku moja kati ya zile tatu, watu wanasubiri kuambiwa tu, wanakuona umejikaza wanadhani umeweza. Siku hiyo fungua kibanda.

Haya, wifi. Usibishane nae hata neno. Mwambie kaka yale malipo ya hospitali ayalipe mwenyewe moja kwa moja kwa namba wanayokupa, kwako atume nauli na chakula tu, na kila Jumamosi piga picha risiti weka kwenye grupu la familia, Padri akiwemo. Na kaka aje akae na mama wiki nzima peke yake bila wewe, huyo mke wake aje nae, apande gari la asubuhi, akae zile saa nne, arudi na mgonjwa anayetapika njiani. Usimwambie kwanini.

Ukishaongea na Padri niandikie alisemaje.