Saa Mbili Zinazopingana Kwenye Kamera Moja

Swali: Picha ya kamera yangu ya mtandao ina saa juu kulia na nyingine chini kushoto, na zinapishana dakika saba. Umeme ukikatika, ya juu inarudi mwaka 1970. Je, rekodi za zamani zinaweza kusahihishwa?

Jibu: Ingia kwenye kamera yenyewe kwa kivinjari, kupitia anwani yake ya IP. Saa utakayoiona humo ni ya kamera. Nyingine inawekwa na rekoda, yaani kifaa kinachohifadhi video za kamera. Zima ya rekoda.

Kamera nyingi huanza kuhesabu muda tangu 1 Januari 1970, hivyo zikipoteza saa hurudi hapo. Kwenye mipangilio ya muda, chagua kwanza kanda ya saa, kisha washa NTP (huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao) na uweke muda wa kulinganisha dakika 60. Kama kamera haina intaneti, andika anwani ya rekoda iwe ndiyo seva ya saa, mradi rekoda ina huduma hiyo. Kama nchi yako haibadilishi saa kwa msimu, zima kipengele hicho, la sivyo siku moja utakuta saa imeruka.

Rekodi za zamani hazirekebishiki. Kamera huyapika maandishi pamoja na picha kabla ya kuibana video, kwa hiyo hakuna cha kubandua. Kabla hujagusa chochote, piga picha skrini ikiwa kando ya saa sahihi ili tofauti ya dakika saba ibaki na ushahidi.

Ukishamaliza, sogeza maandishi yakae penye ukuta au anga, yasizibe njia ya magari: namba ya gari iliyofunikwa na tarehe imepotea moja kwa moja. Na kamera iite «Geti la nyuma». «Kamera 01» haimsaidii mtu.

Swali: Nikitazama kwa simu video inakwama, ingawa kwenye rekoda ni safi. Diski nayo inajaa upesi.

Jibu: Kamera hutoa video kwa mikondo miwili, mkuu ulio mzito na wa pili ulio mwepesi. Simu inavuta mkondo mkuu, na ukiwa mbali unapita kwenye kasi ya kupakia ya intaneti yako, ambayo kwa kawaida ni ndogo. Ielekeze simu kwenye mkondo wa pili: 640×360, fremu 10 kwa sekunde, kilobiti 512 kwa sekunde, na ubanaji wa video wa H.264. Ule wa H.265 hubana zaidi, lakini vivinjari kadhaa haviifungui.

Mkondo mkuu uache 1920×1080, fremu 15. Megabiti 4 kwa sekunde ni gigabaiti 1.8 kwa saa, yaani takriban 43 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 inatosha siku 23 kwa kamera moja, na kwa kamera nne haifiki siku sita. Shusha hadi megabiti 2, siku zinakuwa maradufu. Ukitumia VBR (kiwango cha biti kinachopanda na kushuka kulingana na picha), weka kikomo cha juu, maana chembechembe za picha ya usiku hula biti kuliko mchana.

Umbali kati ya fremu kamili (zenye picha nzima, si mabadiliko tu) uwe fremu 30, yaani sekunde mbili. Ukiweka 150, unaweza kufungua video na kungoja sekunde kumi nzima kabla ya kuona kitu.

Swali: Picha inachuruzika rangi ya kijivu mtu akipita.

Jibu: Pakiti zinapotea njiani. Kwenye mipangilio ya RTSP (njia ya kurushia video ya kamera), badili kutoka UDP, isiyorudia pakiti zilizopotea, kwenda TCP, inayozituma tena, kisha kagua kebo na vichwa vyake.